Nani Anaujua Msitu wa Mgori?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hatima ya msitu wa Mgori ilikuwa imeshaamuliwa ofisini. Zaidi ya hekta 40,000 za miombo, upande wa mashariki wa Wilaya ya Singida kuelekea mipaka ya Manyara na Dodoma, zilikuwa njiani kutangazwa hifadhi ya serikali. Sababu ilikuwa ile inayotolewa kila mahali: wanavijiji wanaumaliza. Wanafyeka mashamba ya uwele na mahindi, wanachoma moto, wanawinda, wanakata mninga. Basi wapimaji wapitishe mpaka, msitu upewe mabwana miti, na watu wa Pohama, Ngimu, Unyampanda, Nduamughanga na Mughunga wawe wageni katika pori walimozaliwa.

Mpango ule ulibeba imani nzito kuliko ramani zake. Ulisadiki kwamba ujuzi unakaa ofisini na ujinga unakaa kijijini, na kwamba mtu asiye na cheti hawezi kulinda kitu anachokitegemea kwa kuni, asali, dawa na malisho. Imani hiyo haikuanzia Singida wala haikuishia huko. Lakini Mgori ni mojawapo ya mahali pachache nchini ambapo ilipimwa hadharani, na yaliyotokea yanastahili kusimuliwa upya sasa, wakati wengi wameanza tena kusema kwamba wanavijiji hawawezi.

Tuulize kwanza mtu wa Mgori alijua nini. Alijua kwamba myombo ukikatwa haufi. Kisiki huchipua mvua zikinyesha. Kinachokiua ni moto wa mwisho wa kiangazi, ule wa Septemba na Oktoba, unaokuta nyasi zimekauka kabisa na machipukizi bado laini. Moto wa mapema, nyasi zikiwa na unyevu, hupita chini chini na kuacha miti imesimama. Mrina asali alijua mti upi unachanua lini, na alijua pia kwamba mzinga wa gome unagharimu mti mzima, maana mti ukibanduliwa gome pande zote hukauka. Mchungaji alijua maji yanabaki wapi mwezi Agosti. Mama anayesenya kuni alijua ni umbali gani alikuwa akitembea alipoolewa na ni umbali gani anatembea leo, na hicho ni kipimo cha uharibifu wa msitu kama kilivyo kipimo chochote cha mtaalamu.

Zaidi ya hayo, walijuana. Kijiji kinajua nani ana shoka na nani ana msumeno. Kinajua nyumba ipi imepokea mgeni, mgeni huyo ametoka wapi, na kwa nini baiskeli yake inatoka porini usiku. Ujuzi wa namna hiyo hauonekani kwenye picha ya setilaiti, na mlinzi mmoja aliyeletwa kutoka mjini hawezi kuupata hata akikaa miaka kumi.

Kilichokosekana ni mamlaka. Leseni za kupasua mbao zilitolewa mjini, na gari la magogo lilipopita kijijini, mwenyekiti wa kijiji hakuwa na neno la kumwambia dereva. Akimzuia anavunja sheria. Akinyamaza anaambiwa yeye na watu wake hawajali mazingira. Ukimweka mtu katika hali hiyo miaka nenda miaka rudi, ataacha kukemea. Na akishaacha kukemea, utaandika kwenye ripoti yako kwamba hana mwamko.

Mabadiliko yalianzia kwa jirani. Huko Babati, katika msitu wa Duru-Haitemba wenye takriban hekta 9,000, serikali ilikuwa na mpango wa aina ile ile. Kadiri mpaka wa hifadhi ulivyokaribia kukamilika, ndivyo watu walivyozidi kukata, kwa sababu cha kesho hakikuwa chao tena. Mwaka 1994, katika programu iliyofadhiliwa na shirika la maendeleo la Uswidi, Sida, na kwa ushauri wa mtaalamu wa masuala ya ardhi Liz Alden Wily, uongozi wa wilaya ulikubali kujaribu njia nyingine: vijiji vinane vinavyouzunguka msitu vipewe nafasi ya kuusimamia vyenyewe. Vijiji vikaweka kanuni, vikapiga marufuku uchomaji mkaa na ubanduaji wa magome, vikateua vijana wa doria. Wavamizi wakaanza kuondoka bila bunduki kutumika.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mgori, na kazi ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu msitu wenyewe ni mara kadhaa ya ule wa Babati. Walianza na mipaka. Wazee wa vijiji jirani walitembea pamoja porini wakikubaliana msitu wa huyu unaishia kwenye korongo lipi na wa yule unaanzia kilima kipi, kila kijiji kikapata sehemu yake, kamati yake na walinzi wake. Sheria ndogo zikapitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha zikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Faini zikawekwa, na waliofungua mashamba ndani ya msitu wakatakiwa kutoka. Eneo ambalo serikali ingeliwekea walinzi wa kuhesabika kwa vidole likawa na macho ya vijiji vitano.

Hakuna semina iliyoleta badiliko hilo. Watu walikuwa wale wale, shoka zile zile, pori lile lile. Kilichobadilika ni jibu la swali la msitu huu ni wa nani, na neno la nani ndilo la mwisho. Habari zikavuka mkoa na nchi. Maofisa misitu wakaja kuona kwa macho yao. Sera ya Misitu ya 1998 ikatambua misitu ya vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaipa ardhi hiyo msimamizi anayeeleweka, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaweka bayana kwamba kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi na kunufaika nao. Sehemu ya fikra zilizomo katika sheria hizo ilikomaa Babati na Singida, mikononi mwa watu ambao miaka michache nyuma waliitwa waharibifu. Wanafunzi wetu wangepaswa kufundishwa jambo hilo, na sijui ni wangapi waliowahi kulisikia.

Kwa nini basi tunaendelea kutowaamini? Sehemu ya jibu iko katika vitabu tulivyosomeshwa. Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin alichapisha makala iliyodai kwamba mali inayotumiwa na wengi haina budi kuangamia, kwa kuwa kila mchungaji ataongeza ng'ombe wake hadi malisho yaishe. Dawa yake ni serikali au mmiliki binafsi. Makala hiyo ilisomwa vyuoni dunia nzima, nasi tukaimeza. Mmarekani mwenzake, Elinor Ostrom, alitumia miaka mingi kuchunguza malisho ya Uswisi, mifereji ya Hispania na maeneo ya uvuvi ya Uturuki, akaonyesha kwamba watu wanaotunga kanuni zao wenyewe, wanaolindana na kuadhibiana wenyewe, wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa karne kadhaa. Mwaka 2009 alitunukiwa Nobeli ya uchumi. Kufikia siku hiyo vijiji vya Mgori vilikuwa vimeshalifanyia kazi wazo hilo kwa zaidi ya miaka kumi.

Sehemu nyingine ya jibu iko katika historia yetu. Katika mkoa jirani wa Dodoma, huko Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta katika nchi ambayo Wagogo walijua fika kwamba mvua yake haitabiriki na udongo wake hugeuka jiwe wakati wa kiangazi. Ujumbe wa wataalamu uliopendekeza mpango huo ulikuwa umezunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache tu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Hakuna Mgogo aliyehitaji kulipwa hata senti moja ili kuwaambia kwamba pale hapalimiki karanga kwa namna ile.

Uhuru haukutuponya ugonjwa huo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa na nia njema ya shule, zahanati na maji, na mengi ya hayo yalifika. Lakini watu wengi walihamishwa haraka kutoka kwenye ardhi waliyoijua, wakapangwa barabarani kwenye udongo wasioujua. Mkulima anayejua shamba lake tangu kwa babu yake akipelekwa kilomita ishirini anakuwa mwanafunzi upya, na mavuno yake yakipungua anaambiwa hana bidii.

Wanyaturu wa Singida wenyewe waliandikiwa kitabu kizima juu ya akili yao ya kiuchumi. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, aliishi Singida na mwaka 1970 akachapisha utafiti wake kuhusu Wanyaturu wa Wahi. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba Mwafrika anafuga ng'ombe wengi kwa sababu ya fahari tu. Schneider alikuta hesabu: ng'ombe huleta samadi, samadi huleta nafaka, nafaka ya ziada hununua ng'ombe, na kaya hupima na kubadilishana vitu hivyo kwa makini sana. Kilichoitwa mapokeo ya kizembe kilikuwa uchumi wenye kanuni zake.

Na Shinyanga ni hivyo hivyo. Wakoloni walifyeka mapori makubwa ili kuua mbung'o. Baada ya uhuru miti ikaendelea kupotea kwa pamba, mifugo na kuni, hadi mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulijihusisha sana na vitalu vya miche. Lakini kilichorudisha uoto kwa eneo kubwa zaidi ni ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000. Jawabu lilikuwa kwenye kinywa cha mzee mfugaji muda wote huo.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila tulichorithi ni ujuzi. Kuna watu leo wanaotumia maneno kama "asili yetu" na "maarifa yetu" kufunga mjadala, na hilo linanitisha kuliko dharau ya mtaalamu. Singida yenyewe ina kumbukumbu chungu. Katika miaka ya 1940 wilaya hiyo ilitikiswa na mauaji yaliyohusishwa na watu-simba. Wengi walisadiki kwamba wachawi huwatumia binadamu kama simba kuua majirani, na hofu hiyo ikafanya iwe vigumu kupata shahidi wa kusema alichokiona. Imani ile ilikuwa yetu. Iliwalinda wauaji.

Tukumbuke pia Loliondo, mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari katika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mmea wa dawa hiyo, mugariga, ulikuwa ukitumiwa kama dawa na wenyeji wa maeneo yale kwa muda mrefu, na ujuzi huo unastahili heshima na uchunguzi. Lakini dai kwamba kikombe kimoja kinaponya UKIMWI na kisukari lilitokana na ndoto. Halikuwa limepimwa na kizazi chochote cha waganga. Wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa kuliamini, na wapo waliokufa.

Tofauti kati ya Samunge na Mgori ndiyo ninayoitetea. Mtu wa Mgori akisema moto wa mapema hauui miti, ninaweza kwenda naye porini mwaka ujao nikahesabu. Akisema mlinzi wa kijiji hachukui rushwa, mkutano mkuu unaweza kumwita asimame na kujibu. Ujuzi wake uko wazi kwa jirani yake kuupinga. Kikombe hakikuwa na mahali pa kupingwa. Aliyepona alikuwa ushahidi, na asiyepona aliambiwa hakuwa na imani. Mtu akinitaka niamini kitu kwa sharti la kutouliza, iwe ni kwa jina la mababu, la dini au la sayansi, namwomba anipishe.

Turudi Singida ya leo, na hapa habari si nzuri. Kwa miaka kadhaa sasa Mgori imekuwa ikitajwa pamoja na uvamizi: mashamba mapya ndani ya msitu, mkaa, mbao, mifugo kutoka mbali. Tangu 2021 serikali imeihimiza Singida kuwa miongoni mwa mikoa ya kimkakati ya zao la alizeti. Mwenye nguvu ya trekta anatafuta ardhi mpya, na ardhi mpya iko msituni. Wapo pia viongozi wa vijiji waliowagawia wageni mashamba kwa malipo ya siri. Hilo nalisema bila kuuma maneno, kwa sababu kuwatetea wanavijiji kwa kuficha makosa yao ni namna nyingine ya kuwadharau. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nao wamerudi katika picha, na sauti zinasikika zikisema jaribio la 1995 limeshindwa.

Mimi nasema jaribio lile liliachwa katikati. Wanavijiji walikabidhiwa jukumu la kulinda, lakini nguvu ya kunufaika ilikuja kidogo kidogo na kwa masharti. Kijana anayelala porini kufanya doria anahitaji buti, baiskeli na posho. Faini haziwezi kumlipa, maana akiifanya kazi yake vizuri faini zinaisha. Msitu wenyewe ndio ungemlipa: kwa asali yenye soko, kwa mbao zinazovunwa kwa mpango, kwa vibali vinavyotolewa na kijiji na fedha yake kusomwa hadharani kwenye mkutano. Pasipo hayo, mwaka wa kwanza atafanya doria kwa moyo, wa tatu kwa aibu, wa tano atakuwa amepanda basi kwenda Dodoma kutafuta kibarua.

Tazama Kilwa. Huko, kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, vijiji kama Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, kwa misitu yao ya asili, vya kwanza vya aina hiyo barani Afrika, na vikaanza kuuza miti kwa bei ambayo hapo awali iliishia mifukoni mwa wafanyabiashara. Kijiji cha Nanjirinji kimegharamia huduma zake za jamii kwa fedha za msitu. Tazama Kilosa, ambako vijiji vilivuna mkaa kwa mzunguko uliopangwa, visiki vikaachwa vichipue, na mapato yakaingia kwenye shule na zahanati. Watu wa Kilwa na Kilosa hawana akili kuzidi wa Mgori. Walipewa na ufunguo wa ghala, wakati wenzao walipewa rungu la kulilinda tu.

Na hata huko kwenye mafanikio mkono wa kurudisha nyuma umefika. Kanuni za mwaka 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zilirudisha maamuzi mengi ya uvunaji kwenye kamati za wilaya, na vijiji vilivyokuwa vimezoea kuamua vikajikuta vikisubiri mihuri. Sielewi mantiki yake. Kama hofu ni ubadhirifu, basi kagua hesabu za kijiji kila mwaka, na mtendaji aliyekula fedha afikishwe mahakamani. Halmashauri za wilaya nazo hupata hati chafu kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, wala hatujasikia mtu akipendekeza wilaya zifutwe.

Sipendekezi TFS waondoke. Kijiji hakiwezi kupambana peke yake na tajiri mwenye trekta na rafiki mwenye cheo. Hapo ndipo serikali inahitajika, ije na sheria nyuma ya uamuzi wa mkutano mkuu, isije kuchukua nafasi ya mkutano huo. Mtaalamu ana ramani, ana picha za angani zinazoonyesha miaka thelathini ya uoto, anajua wadudu na soko. Mwanakijiji anajua nani aliingia jana. Mtaalamu akileta picha zake kwenye mkutano wa kijiji, azitandaze juu ya meza na kukubali kuulizwa maswali na akina mama wanaosenya kuni, msitu utakuwa na walinzi wa aina mbili wanaohitajiana.

Pa kuanzia ni padogo na hapahitaji mfadhili. Kila kijiji kati ya vile vitano kiitishe mkutano mkuu wenye ajenda moja: msitu. Mtendaji asome vibali vyote na ugawaji wote wa ardhi uliofanyika ndani ya mpaka wa msitu, jina la aliyepewa na jina la aliyetoa. Halmashauri ya wilaya itume mwanasheria, aeleze sheria ndogo za kijiji zina nguvu gani leo na zipi zinahitaji kufanyiwa marekebisho. Kisha mpaka utembelewe upya. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati doria zilipoanza mwaka 1995 sasa amevuka 50, na wazee waliokubaliana juu ya yale makorongo na vilima wanazidi kupungua kila mwaka. Waliobaki waombwe waongoze njia, vijana wafuate na simu zao wakirekodi kila alama, bwana misitu awe nao na kifaa chake cha GPS, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mvua za Novemba.